CT, MRI, altrasaundi au eksirei: kuchagua picha itakayomfaa mbwa au paka mgonjwa

Daktari wa wanyama anapokueleza kwamba vipimo vya damu havikutosha na kwamba sasa inabidi mnyama wako apigwe picha ya ndani ya mwili, swali linalowajia wengi wetu ni kipimo kipi kilicho bora kuliko vyote. Swali hilo halina jibu, na ndilo linalowafanya watu walipe fedha nyingi kwa picha isiyowaeleza kitu, au wakatae picha moja ambayo ingewaepusha na miezi ya dawa za kubahatisha. Swali lenye manufaa ni hili: ugonjwa unadhaniwa uko katika kiungo gani, na jibu likipatikana, matibabu yatabadilika vipi? Kwa sababu hiyo ninalinganisha CT na vipimo vingine vitatu kwa kufuata viungo vya mwili, nikiwatazama hasa mbwa na paka wa Afrika Mashariki, ambao magonjwa yao hayafanani kila mara na yale ya wenzao wa Ulaya.

Jinsi kila kipimo kinavyoona

Eksirei, ambayo mionzi yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hunasa kivuli kimoja cha kila kilichomo njiani mwa mionzi. Mfupa huonekana mweupe, hewa huonekana nyeusi, na viungo laini karibu vyote hubaki na rangi ya kijivu inayokaribiana. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba vilivyo mbele na vilivyo nyuma hulaliana katika picha moja, na ndiyo maana mguu uliovunjika husomeka kwa urahisi ilhali fuvu, lenye mifupa mingi myembamba iliyopangana, humpa taabu hata msomaji mzoefu.

CT hutumia mionzi ya aina ile ile, lakini bomba linaloitoa huuzunguka mwili huku kitanda kikisogea, kisha kompyuta hukokotoa picha za vipande vyembamba vya mwili, mara nyingi vya milimita 1 au pungufu ya hapo. Kila nukta ya picha hupewa namba katika kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1,000, mafuta huwa chini ya sifuri kwa namba ndogo, na mfupa mgumu hufika mamia hadi kupita 1,000. Jina hilo ni la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Kiingereza aliyeijaribu mashine yake kwa bongo za ng'ombe kabla ya mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa jijini London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amefanya hesabu za jambo hilo kwa njia yake mwenyewe. Kwa mwenye mnyama, faida ya namba hizo ni kwamba mtaalamu anaweza kuitazama skani moja mara kadhaa, mara akirekebisha mwanga ili aone mfupa, mara aone mapafu, mara aone nyama laini, bila kumrudisha mnyama mezani.

Altrasaundi haina mionzi kabisa. Hutuma mawimbi ya sauti na kusoma yanavyorudi. Huonyesha viungo vikiwa katika mwendo wake, hivyo daktari huona moyo ukipiga na utumbo ukisukuma chakula, na mnyama mtulivu hahitaji dawa ya usingizi. Hunyolewa manyoya ya tumbo, hupakwa jeli na kushikwa. Kizuizi chake ni kwamba sauti hiyo haipenyi hewa wala mfupa.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu sana pamoja na mawimbi ya redio, na husoma hasa maji na mafuta yaliyomo katika nyama za mwili. Nayo haina mionzi, na kwa ubongo na uti wa mgongo hakuna kipimo kinachoifikia, lakini huchukua nusu saa hadi zaidi ya saa nzima, na muda wote huo mnyama lazima awe katika usingizi kamili, kwa kuwa hata kutingisha kichwa kidogo huharibu picha.

Pua, masikio na meno: hapa CT haina mpinzani

Mfano unaofundisha zaidi ni wa mbwa anayetokwa na damu puani. Kabla ya picha yoyote, katika ukanda wetu jambo la kwanza kufikiria ni homa ya kupe. Kidudu kiitwacho Ehrlichia canis, kinachoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, hupunguza chembe sahani za damu kiasi kwamba damu huanza kuvuja puani, kwenye fizi au chini ya ngozi. Ugonjwa huo hugunduliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini. Kumlaza mbwa wa namna hiyo usingizi na kumwingiza kwenye CT kabla ya kuhesabu chembe sahani ni kumhatarisha bure, maana mwili wake hauwezi kuzuia damu iwapo jambo lolote litaharibika.

Vipimo vya damu vikiwa safi na uchafu ukaendelea kutoka, hasa katika tundu moja la pua, mambo hubadilika. Zipo sababu nne zinazotafutwa zaidi: saratani, kuvu aina ya Aspergillus, jino lililooza hadi mzizi wake ukafungua njia puani, na kitu kilichokwama kama suke la nyasi. Eksirei ya pua huweza kuonyesha kwamba upande mmoja umejaa na mwingine una hewa, na huishia hapo, tena ili ipigwe vizuri mbwa huhitaji kulazwa usingizi vilevile. CT huonyesha vifupa vyembamba vilivyojikunja ndani ya pua kimoja kimoja. Kuvu huvila vifupa hivyo na kuacha uwazi mtupu. Saratani kwa kawaida hujaza nafasi kwa uvimbe na kuisukuma au kuila mifupa ya pembeni. Zaidi ya hapo, CT huonyesha kama kile kibamba cha mfupa kinachotenga pua na ubongo bado kizima au kimeshatobolewa, na jambo hilo peke yake huweza kuamua kama kuna matibabu ya maana yaliyobaki.

Picha hiyo ipigwe kabla daktari hajaingiza kamera au kunyofoa kinyama cha maabara, kwa sababu damu inayotoka baada ya kunyofoa huijaza pua na kuficha kilichokuwa kinaonekana. Nimeona niliseme hili wazi kwa kuwa ni kosa la mpangilio ambalo mwenye mbwa anaweza kulizuia kwa kuuliza tu.

Hata hivyo, kwa mbwa wa mitaani, au mbwa yeyote anayezurura na kupanda ovyo, kuna ugonjwa mmoja unaostahili kutafutwa kwa njia nyepesi kwanza: uvimbe wa kuambukizwa kwa kujamiiana, unaojulikana kwa madaktari kama TVT. Ingawa kwa kawaida hukaa sehemu za siri, mbwa hunusana na kulambana, kwa hiyo huweza kuota ndani ya pua. Seli zake hutambulika kwa darubini kutokana na sampuli ya kupangusa au ya sindano, na mbwa wengi hupona kwa dawa ya saratani iitwayo vinkristini, inayodungwa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Kioo cha darubini cha bei ndogo, katika hali hiyo, kinaweza kuondoa haja ya CT.

Kwa masikio na meno maelezo ni mafupi. Paka mchanga mwenye kukoroma na kichwa kilichoinama upande mmoja huweza kuwa na polipu iliyoanzia sikio la kati, na CT huionyesha pamoja na kikombe cha mfupa kilichoizunguka. Sungura, ambaye meno yake hayaachi kukua maisha yote, hufaidika na CT pengine kuliko mnyama mwingine yeyote wa nyumbani, kwa sababu mizizi yake hujificha ndani ya taya mahali ambapo eksirei huona vivuli vilivyolaliana.

Kifua: anza na eksirei, lakini jua mpaka wake

Kwa kikohozi, kuhema kwa shida, au mbwa aliyegongwa na gari, eksirei ya kifua ni hatua ya kwanza iliyo sahihi, na mara nyingi inatosha. Hupatikana haraka, haihitaji usingizi kamili, na huonyesha maji yaliyozunguka mapafu, nimonia, moyo uliopanuka na hewa iliyovuja kifuani. Moyo wenyewe, yaani unavyosukuma damu na vali zake zinavyofunga, ni kazi ya altrasaundi. CT haifai kuwa chaguo la kwanza kwa Doberman mwenye dalili za moyo kupanuka wala kwa paka wa Maine Coon mwenye misuli ya moyo iliyonenepa.

CT huingia pale swali linapokuwa ni saratani iliyosambaa. Kinundu cha pafu cha milimita 1 hivi huonekana kwenye CT, ilhali katika eksirei mara nyingi hakionekani mpaka kifikie milimita 7 hadi 9. Chukua mbwa mkubwa mwenye saratani ya mfupa wa mguu wa mbele, ambaye daktari anashauri mguu ukatwe. Inajulikana kwamba karibu asilimia 90 ya mbwa wa aina hiyo tayari wana chembe za saratani zilizosambaa siku ugonjwa unapogunduliwa, ingawa ni wachache tu ambao eksirei huonyesha vinundu. CT haitaona chembe zisizoonekana kwa macho, lakini itaona vinundu vidogo ambavyo eksirei ingevipita, na familia itaamua ikijua zaidi kama inataka mbwa apitie upasuaji mzito. Pamoja na hayo, isisahaulike kwamba si kila kinundu kidogo ni saratani: mbwa wazee hupata vipande vidogo vya mfupa ndani ya mapafu visivyo na madhara, na msomaji asiye mzoefu huweza kuvihesabu kuwa ni ugonjwa.

Kuna ugonjwa mwingine wa kifua ambao mwenye mbwa wa Kenya au Tanzania ana sababu zaidi ya kuujua kuliko mwenzake wa London. Mnyoo uitwao Spirocerca lupi hupatikana maeneo mengi ya joto, Afrika Mashariki ikiwemo. Mbwa huupata kwa kula mende wa mavi, au kwa kula kuku, mjusi au panya aliyekwisha kumla mende huyo. Mabuu husafiri ndani ya ukuta wa mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha huhamia kwenye umio na kufanya vinundu, ambavyo baada ya muda huweza kugeuka saratani. Dalili yake ya kawaida ni mbwa anayerudisha chakula muda mfupi baada ya kula, huku akikonda, na watu hudhani ni tumbo.

Hapa vipimo husaidiana kwa utaratibu mzuri. Eksirei ya kifua huweza kuonyesha uvimbe nyuma ya moyo, pamoja na mifupa iliyochongoka chini ya pingili za mgongo zilizo karibu na mshipa huo, dalili ambayo daktari wa ukanda huu akiiona huujua ugonjwa mara moja. Endoskopi, yaani kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, hukiona kinundu chenyewe kutoka ndani ya umio. CT huongeza kile ambacho hivyo viwili haviwezi: vinundu vidogo ambavyo bado havijaonekana, chokaa iliyojikusanya katika ukuta wa mshipa mkuu, na jinsi uvimbe ulivyoshikamana na viungo vya jirani. Ikiwa eksirei na endoskopi zimeafikiana na mbwa anaanza dawa ya minyoo ya doramektini, sioni sababu ya CT. Ikiwa kinundu ni kikubwa, kina umbo lisilo la kawaida na upasuaji unafikiriwa, hapo CT inastahili gharama yake.

Tumbo: altrasaundi kwanza

Kwa matatizo mengi ya tumbo ningeanza na altrasaundi pamoja na eksirei, na kuiweka CT nyuma sana. Mfuko wa uzazi uliojaa usaha, bandama yenye uvimbe, ini lililobadilika, figo za paka mzee na ujauzito, vyote altrasaundi huvisoma vizuri mnyama akiwa macho. Moyo wa kitoto tumboni mwa mbwa huweza kuonekana kuanzia siku ya 25 hivi. Kuhesabu watoto, hata hivyo, hufanywa vyema kwa eksirei baada ya siku ya 45, mifupa yao ikishakuwa migumu. Mawe ya kibofu ya aina zinazopatikana zaidi huonekana kwenye eksirei, lakini yapo mengine, kama ya asidi ya yuriki, yanayoweza kufichika, na hapo altrasaundi huyafichua. Vivyo hivyo, mbwa aliyemeza sindano au mfupa atasomeka kwenye eksirei, ilhali aliyemeza gunzi la hindi anaweza kuonekana hana kitu hadi altrasaundi ifanyike.

Upo ugonjwa mmoja wa tumbo ambao CT huushinda waziwazi: mshipa wa damu uliopotoka, unaoipitisha damu ya utumbo pembeni mwa ini. Huwapata zaidi mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier, ambao hubaki vimbaumbau na kuchanganyikiwa baada ya kula nyama nyingi. CT ikiambatana na dawa ya kontrasti yenye iodini, inayodungwa kwenye mshipa wa mguu wa mbele, huchora mshipa huo wote tangu unapoanzia hadi unapoishia, na mpasuaji huingia akijua mahali pa kuufunga.

Mgongo na ubongo: CT au MRI?

Ushindani wa kweli kati ya mashine hizi mbili uko hapa, na kwa mwenye mnyama ndiko kwenye uamuzi mgumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi hufanywa kwa haraka. Chukua Dachshund wa miaka mitano aliyelia kwa uchungu alipokuwa akiruka kutoka kwenye kochi, na kufikia jioni miguu ya nyuma inaburuzika. Mbwa wenye miguu mifupi na mgongo mrefu huzaliwa na diski (vile vitu laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) ambazo hukauka na kujaa chokaa mapema. Diski ikipasuka, chokaa hiyo hurushwa juu na kuubana uti wa mgongo. Kwa sababu chokaa huonekana vizuri kwenye CT, picha ya dakika chache huweza kuonyesha pingili na upande uliobanwa hata bila kontrasti. Mbwa ambaye hahisi hata kidole chake kinapobanwa kwa koleo yuko katika dharura; takribani nusu yao hurudi kutembea wakifanyiwa upasuaji, na kila saa ina uzito. Kwa mbwa huyo, CT iliyo karibu ni bora kuliko MRI iliyo mbali.

MRI huchukua nafasi ya kwanza pale mbwa si wa aina hiyo. Labrador mkubwa aliyepooza ghafla mchezoni, bila maumivu yanayoendelea, anaweza kuwa amezibiwa mshipa wa damu wa uti wa mgongo na kipande kidogo cha diski. Hakuna kinachobana, hakuna cha kupasua, na CT itatoka safi huku MRI ikionyesha sehemu ya uti iliyojeruhiwa. Mahali pasipo na mashine hizi mbili, bado ipo njia ya zamani ya kudunga kontrasti pembeni mwa uti wa mgongo na kupiga eksirei, inayoitwa mailografia. Ina hatari zake, ikiwemo kifafa baada ya kuamka, lakini mkononi mwa daktari aliyeizoea imewasaidia mbwa wengi. Eksirei ya kawaida peke yake haitoshi kumwelekeza mpasuaji wa diski. Faida yake ni kuonyesha pingili iliyovunjika au diski iliyoshikwa na bakteria.

Kwa ubongo, CT inafaa kwa ajali ya kichwa, kwa fuvu lililopasuka, damu iliyotoka punde na maji yaliyojaa ubongoni. Uvimbe mkubwa huuona, hasa baada ya kontrasti. Sehemu ya nyuma ya ubongo, iliyozungukwa na mifupa minene, huiona kwa shida kwa sababu mifupa hiyo huichafua picha kwa mistari. Mbwa aliyeanza kifafa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6, ambaye ni mzima kabisa kati ya mshtuko mmoja na mwingine na ambaye uchunguzi wa neva na wa damu hauonyeshi kasoro, huweza kuanzishiwa dawa ya kifafa ya fenobabitoni bila picha yoyote. Madaktari wa neva wenyewe wanakubali hivyo. Aliyeanza akiwa mzee, au mwenye dalili zisizoisha kati ya mishtuko, ndiye ningemtafutia MRI.

Neno moja haliwezi kurukwa katika nchi zetu. Mnyama asiye na rekodi ya chanjo, mwenye tabia iliyobadilika ghafla, anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza au anayepooza taya, anapaswa kwanza kufikiriwa kuwa na kichaa cha mbwa. Hakuna CT wala MRI inayoweza kuuthibitisha au kuuondoa ugonjwa huo, na uthibitisho wake hupatikana kwa kupima ubongo baada ya kifo. Kumfungua mdomo mnyama wa namna hiyo ili kumwekea mrija wa kupumulia ni kuwaweka hatarini wahudumu wote wa chumba, kwa ajili ya picha isiyoweza kujibu kitu. Homa ya distempa nayo huleta mshtuko na kutetemeka kwa misuli kwa mbwa wachanga wasiochanjwa, na njia ya kuitafuta ni maabara.

Mifupa na viungo

Mguu uliovunjika ni wa eksirei, na nyonga ya German Shepherd iliyolegea nayo ni ya eksirei. Kiwiko ni habari nyingine. Mbwa mchanga wa aina kubwa anayechechemea mguu wa mbele huweza kuwa na kipande kidogo cha mfupa kilichomeguka ndani ya kiwiko, na eksirei mara nyingi hukikosa kwa sababu kimefichwa na mifupa ya jirani. CT hukiona, na huweza kupiga viwiko vyote viwili kwa pamoja, jambo linalofaa kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi huwa pande zote mbili.

Usingizi, mionzi na gharama

Hofu kubwa ya wenye wanyama ni dawa ya usingizi, na inastahili kujibiwa kwa takwimu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000, ulikuta vifo vinavyohusiana na usingizi kuwa asilimia 0.17 kwa mbwa na 0.24 kwa paka. Kwa wanyama ambao tayari walikuwa wagonjwa sana, kiwango kilipanda hadi asilimia 1.33 kwa mbwa na 1.40 kwa paka. Maana yake ni kwamba hali ya mnyama kabla ya kulala ina uzito kuliko jina la mashine. CT ina faida hapa, kwa kuwa picha zenyewe huchukua sekunde hadi dakika chache, na wanyama wengine hupigwa wakiwa wametulizwa tu. MRI hurefusha usingizi mara kadhaa. Mbwa na paka hunyimwa chakula kwa saa kadhaa kabla, kama daktari atakavyoelekeza, lakini sungura hafungishwi, kwa sababu hatapiki na utumbo wake hauvumilii kukaa mtupu.

Kwa mnyama mgonjwa anayepigwa CT mara moja au mbili, mionzi si sababu ya kukataa. Wa kulindwa zaidi ni binadamu. Chumba cha CT hakihitaji mtu yeyote kumshika mnyama, ilhali kwenye eksirei za kliniki ndogo mwenye mbwa huombwa amshike. Ukiombwa hivyo, dai aproni na glavu zenye madini ya risasi, na mjamzito au mtoto asiingie kabisa. Kwa upande wa kontrasti, ni vyema figo zipimwe kwanza kwa kipimo cha kreatinini. Na kabla ya MRI, mtajie daktari kila chuma unachojua kimo mwilini, iwe ni chipu ya utambulisho shingoni au sahani ya mfupa uliowahi kuvunjika.

Kwa bei, mpangilio ni ule ule karibu kila mahali: eksirei ni rahisi kuliko zote, altrasaundi hufuata, CT huzipita zote mbili kwa mbali, na MRI hukaa juu. Nchini Uingereza CT ya mbwa mara nyingi hupita pauni 1,000, lakini huko bima ya wanyama ni jambo la kawaida. Kwetu wengi hulipa mfukoni, na mashine za CT za wanyama bado ni chache mno, kwa hiyo safari huongezwa juu ya gharama. Hii ndiyo sababu napendelea hesabu ya jumla. Eksirei tatu, kozi mbili za antibiotiki na miezi mitatu ya kusubiri kwa pua inayotoka damu zinaweza kugharimu karibu sawa na CT moja, na ugonjwa umeendelea kula mfupa wakati huo wote. Kwa upande mwingine, ikiwa familia imeshaamua kwamba haitakubali upasuaji wala tiba ya mionzi kwa hali yoyote, CT itawapa jina la ugonjwa tu, na ni haki yao kuambiwa hivyo kabla hawajalipa.

Unapokubali kipimo, uliza mambo matatu. La kwanza, nani atakayekaa na mnyama akiwa usingizini bila kazi nyingine. Swali hili lina uzito wa pekee ikiwa mashine ni ya kituo cha binadamu kinachopokea wanyama baada ya saa za kazi, kama inavyofanyika katika baadhi ya miji duniani. La pili, nani atakayezisoma picha. Siku hizi faili hutumwa kwa mtandao kwa mtaalamu wa picha za wanyama, kama vile wale waliothibitishwa na vyuo vya kitaalamu vya Ulaya au Marekani vya ECVDI na ACVR, na ripoti yake ina thamani kuliko idadi ya vipande ambavyo mashine hujivunia. La tatu, omba upewe skani nzima katika mfumo wa DICOM kwenye flashi, pamoja na ripoti iliyoandikwa. Picha chache zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta hazimsaidii mpasuaji wa mji mwingine, na bila faili hilo mnyama anaweza kulazimika kulazwa usingizi upya kwa picha ambayo tayari ilishapigwa.